Ng'ombe wa Mbao

Ubao wa saba kutoka kwenye kona ulikuwa umetoka tena. Birindwa aliuona Jumamosi asubuhi, mwishoni mwa Februari, alipotoka nyuma ya nyumba na kikombe chake cha chai, wala hakushangaa. Tangu Septemba alikuwa ameupigilia mara nne. Mara mbili za kwanza alitumia misumari ya kawaida, mara ya tatu misumari mirefu, mara ya nne skrubu. Skrubu zenyewe zilikuwa zimepangwa chini ya uzio, zote nne, safi, kana kwamba aliyezitoa alijua mwenye nazo angezihitaji tena.

Upande wa pili wa uzio palikuwa kwa Ngarambe. Hapakuwa na cha ajabu pale: mti mmoja mkubwa, tairi kuukuu la lori lililolazwa kwenye majani, na mtoto wa kike wa miaka saba aliyeitwa Mizero. Aksanti, binti wa Birindwa, naye alikuwa na miaka saba, na siku hizi alikuwa haonekani kwao ila wakati wa kulala.

"Aksanti! Uji unapoa!"

Sauti ikajibu kwa Kiingereza kutoka nyuma ya uzio: amekwisha kunywa maziwa kwa mama yake Mizero, ameshiba, asante Dadi.

Birindwa akaingia ndani. Mke wake, Jolie, alikuwa amevaa sare ya kazi, karibu kuondoka kwenda kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiwahudumia.

"Amekunywa maziwa kwao," Birindwa akamwambia.

"Na ni maziwa ya duka lile lile tunalonunua sisi. Ulifikiri wana ng'ombe chumbani?"

"Sijasema neno."

"Uso wako umesema."

Birindwa akaketi. Alikuwa mtu wa kutosema jambo mpaka aligeuze pande zote, na hili alikuwa ameligeuza wiki nzima akiwa kazini, kwenye bohari moja kule Okolona, alikopima na kupanga mizigo zamu nzima. "Nimeamua," akasema. "Nitamnunulia bembea. Ya mbao, kubwa, yenye ngazi na mtelezo na kibanda juu. Mtoto akiwa na bembea kwao, atakaa kwao."

Jolie akasimama na kiatu kimoja mkononi. "Bon. Unataka kumnunulia mtoto mchezo, ao unataka kumjengea gereza lenye mtelezo?"

Jolie akavaa kile kiatu, akambusu kwenye paji la uso, akaenda kazini.

Kwa kweli Birindwa hakuwa na ugomvi na Ngarambe. Kama mtu angemwuliza amekosewa nini, asingekuwa na la kutaja. Birindwa alitoka Walungu, Ngarambe alitoka nyanda za juu za nchi ile ile, na kule nyumbani vita vilikuwa vimewafundisha watu wa upande huu na wa upande ule kusikiliza kwanza mtu anatamka vipi maneno kabla ya kumwitikia. Wote wawili walipita kambi za wakimbizi. Wote wawili waliletwa Louisville, Amerika, wakafanya kazi, wakanunua nyumba ndogo karibu na bustani kubwa ya Iroquois, moja kando ya nyingine, bila kujua. Siku Ngarambe alipohamia, miaka miwili iliyopita, alikuja hadi barazani kwa Birindwa kusalimu. Birindwa aliitikia vizuri, akashukuru, akafunga mlango. Kiangazi cha mwaka huo huo akajenga uzio. Aliwaambia watu kanisani ni kwa sababu ya mbwa. Ngarambe hakuwa na mbwa.

Kuitafuta bembea, Birindwa alianzia duka kubwa la vifaa vya ujenzi pale pale Louisville, ambako moja ilikuwa imesimamishwa nje ya mlango, ya kutazamwa. Aliizunguka mara tatu. Aligonga nguzo kwa vifundo vya vidole na kusikiliza, akanusa mbao, akazitazama bolti. Kisha akashika nguzo moja na kuitikisa kidogo tu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Bembea nzima ikatikisika naye.

"Ni ya watoto wangapi?" akamwuliza mwuzaji.

"Wawili, watatu."

Jumapili baada ya ibada walikuwa wakija kwake watoto tisa, na wale wa shemeji yake walikuwa wazito. Akaandika kwenye daftari lake: *Inaingia uwanjani. Haibebi.*

Katikati ya Machi akaenda Columbus. Huko aliishi Sandrine, binti wa dada yake, aliyekuwa anasomea mambo ya miti kwenye chuo kikuu na kupanga chumba mitaa ya karibu na chuo, pamoja na wanafunzi wengine wawili. Sandrine alikuwa amempigia simu: profesa wake anahama, ana bembea ya mwerezi, anampa yeyote atakayeing'oa na kuibeba.

Birindwa alipoiona alivua kofia. Mbao zilikuwa na rangi ya asali iliyochakaa na harufu ya kabati la nguo za heshima. Alipanda ngazi yeye mwenyewe, mtu mzima wa kilo themanini na tano, na hakuna kilicholia.

"Tonton, shuka kwanza," Sandrine akamwambia mjomba wake, akicheka. "Kuna kanuni. Ulipima uwanja wako?"

"Ishirini na nane kwa thelathini na moja. Futi. Nimepima mara mbili, mara ya pili Jolie akishika ncha."

"Donc, basi, andika. Pande zote za bembea lazima pabaki futi sita za majani matupu, mtoto akianguka asiangukie kitu. Lakini pale inaporuka, mbele na nyuma, ni zaidi: unachukua kimo cha boriti ya juu, unakizidisha mara mbili. Mara mbili mbele, mara mbili nyuma."

Birindwa akaitazama boriti. Akatoa utepe wa kupimia. Futi kumi. Ishirini mbele, ishirini nyuma. Akaketi kwenye ngazi ya mwisho ya bembea ya profesa na kuandika polepole: *Inabeba. Haiingii.*

"Si unaweza kupunguza kidogo hizo kanuni?" Sandrine akamtania. "Uwanja ni wako, nani atakuja kupima?"

"Mimi," akasema Birindwa. "Mimi nitakuja kupima."

Ndipo akampigia kaka yake Zihindula, aliyekuwa Buffalo. Zihindula alimzidi miaka kumi, naye alimwita Yaya, kama kwao anavyoitwa kaka mkubwa, na tangu zamani alikuwa na dawa ya kila kitu.

"Unazunguka nini Amerika nzima?" Zihindula akamfokea kwa furaha. "Kwangu kuna bembea imesimama bure! Watoto wamekuwa wakubwa, mmoja anaendesha lori. Njoo uichukue."

"Yaya, boriti yake ina kimo gani?"

"Ngoja."

Birindwa akasikia mlango ukifunguka, upepo ukiingia kwenye simu, viatu vikikanyaga theluji: karu, karu, karu. Kisha kaka yake akihema.

"Nikinyoosha mkono, ncha za vidole zinagusa boriti."

Birindwa akafumba macho na kutabasamu. Kipimo hicho alikijua. Walipokuwa wanajenga nyumba ya baba yao kule Walungu, kila mlango na kila boriti viliwekwa kwa mkono wa Zihindula ulionyooshwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote. Baadaye Birindwa, kijana asiyeamini kitu mpaka akipime, aliazima utepe wa fundi na kuupima mkono huo ulionyooshwa, kutoka ardhini hadi ncha za vidole: mita mbili na sentimita kumi na tatu. Futi saba. Kumi na nne mbele, kumi na nne nyuma. Ishirini na nane! Upande wa pili, ngazi na mtelezo na zile futi sita mbili, ishirini na nane nyingine. Iliingia uwanjani kama mguu kwenye soksi.

Akaandika: *Inabeba. Inaingia.* Akapiga mstari chini, kisha akapiga mstari mwingine.

Wakati huo wote Aksanti aliendelea kupita penye ubao wa saba, na baba yake aliendelea kuupigilia. "Subiri kidogo," alimwambia binti yake. "Nakuletea kitu, hutataka tena kwenda kokote."

"Na Mizero atakuja kucheza?" mtoto akauliza.

"Tutaona."

Aksanti akamtazama, kisha akaitazama nyundo mkononi mwake, akaingia ndani.

Mwishoni mwa Aprili Birindwa akachukua siku nne za likizo, akakodi gari la mizigo, akaendesha kwa muda wa saa nane na nusu mpaka Buffalo. Zihindula alimpokea barabarani, akamkumbatia, akampeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba kabla hata ya chakula. Bembea ilikuwa pale, imara, mbao zimegeuka kijivu kwa miaka lakini ngumu kama siku ya kwanza. Birindwa akaigonga. Akaitikisa. Haikujali.

Kisha akatazama juu kwenye boriti.

"Yaya. Nyoosha mkono."

Zihindula akasimama chini ya boriti, akanyoosha mkono. Kati ya vidole vyake na boriti palibaki nafasi ya kupitisha ndoo. Akainuka kwa vidole vya miguu. Akarukaruka.

"Imekua," akasema.

"Ulipopima, ulikuwa umesimama juu ya nini?"

Zihindula akafikiri. Wakatazamana. Kisha mzee akashika magoti yake kwa kicheko. "Theluji! Ile ya Machi! Ilishikana ikawa kama saruji, nilikuwa natembea juu yake kama barabara!"

"Theluji ya kiasi gani?"

"Mimi ningejuaje ardhi iko wapi? Huku kuanzia Novemba hatuonani nayo mpaka Pasaka."

Birindwa naye akacheka, hakuweza kujizuia. Lakini akatoa utepe. Futi tisa kamili. Kumi na nane mbele, kumi na nane nyuma, thelathini na sita. Uwanja wake ulikuwa na thelathini na moja.

"Kata miguu," Zihindula akashauri.

"Nikikata nguzo, ngazi haikai, mtelezo unalala chini kama mkeka. Haiingii, Yaya."

"Basi usihuzunike. Haitapotea. Kuna mtu mwingine anaitaka, na huyo hata hana haja ya kuibeba, maana anahamia huku. Alikuja wiki mbili zilizopita kutazama nyumba kwenye mtaa wa nyuma. Akasikia kanisani kwamba nina bembea, akaja na kamba akaipima kwa mafundo." Zihindula akapangusa macho yaliyolowa kwa kicheko. "Unamjua. Ni yule jirani yako wa uzio."

"Ngarambe?"

"Ndiye. Furahi basi! Anaondoka, mtoto wako anarudi kwenu, ubao wako unapumzika. Miezi miwili umekuwa ukinililia kwenye simu, sasa Mungu amekusikia."

Birindwa akaketi kwenye kiti cha bembea. Mnyororo ulikuwa baridi. Alingoja ile furaha ije, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuharakisha mambo, aliingoja kwa haki kabisa. Haikuja. Badala yake alimwona Aksanti akiwa amesimama mbele ya shimo la uzio ambalo halielekei kwa mtu yeyote.

"Anahama kwa sababu gani?" akauliza. "Ana kazi nzuri kule."

"Nilimwuliza. Nilimwambia pia kwamba mimi ni kaka yako, nisimfiche mtu. Akasema una mkono mzuri, uzio wako haujainama hata kidogo miaka yote miwili."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Halafu akasema mtoto wake anampenda sana wako. Lakini kila wakifungua, asubuhi wanakuta pamepigiliwa. Akasema, 'Mimi nimezoea. Sitaki binti yangu azoee.'" Zihindula akatazama pembeni. "Na mimi, ndugu yangu, sikuwa na la kumjibu. Nimezoea kuwa na la kumjibu kila mtu."

Walikula, wakalala. Asubuhi Birindwa aliamka kabla ya mwenyeji, na Zihindula alipotoka na kahawa alimkuta tayari juu ya ngazi, chaki sikioni, akiandika namba kwenye kila ubao: A1, A2, B1.

"Si umesema haiingii kwako?"

"Haiingii kwangu," Birindwa akakubali. "Nishikie hiki."

Waliifungua kutwa nzima. Usiku wa kurudi alilala Columbus, kwenye kochi la Sandrine, na asubuhi kabla hajaondoka akamwuliza swali moja. "Zile futi za majani matupu. Kanuni inasema ni majani ya nani?"

Sandrine akasimamisha kikombe chake hewani. "Hapana, Tonton. Kanuni haiulizi majani ni ya nani. Inauliza tu kama kuna kitu cha kumwumiza mtoto. Jiwe, mti." Akamtazama. "Uzio."

"Ndivyo nilivyofikiri," akasema Birindwa, akaenda zake.

Alifika Louisville saa tisa alasiri. Jolie alitoka na kukuta mbao zimelazwa uwanja mzima, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye uzio, kila moja na namba yake.

"Umeleta msitu. Uliniambia itaingia."

"Nilidanganywa na theluji. Liko wapi lile koti langu la Jumapili?"

"Leo Jumatatu."

"Najua."

Hakupita penye ubao wa saba, ingawa ulikuwa wazi. Alizunguka barabarani, akapanda ngazi tatu za barazani kwa Ngarambe, akabisha. Miaka miwili, na hakujua hata mlango wao ulikuwa na rangi gani. Ulikuwa wa kijani.

Alifungua Leya, mke wa Ngarambe. Alimtazama, akalitazama koti, na hofu ikapita usoni mwake. "Papa Aksanti. Mtoto amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, Mama Mizero. Nimekuja kusalimu. Nimechelewa kidogo."

Ngarambe akatoka chumbani, mwembamba, mrefu, akiwa na soksi za kazini. Wakapeana mikono. Birindwa akaketishwa. Leya akaleta maziwa kwenye kikombe kikubwa cha bati, na Birindwa, ambaye kwao pia mgeni hatamki alilojia kabla ya kupokea alichopewa, akakinywa chote na kushusha kikombe polepole.

"Papa Mizero," akasema, "nasikia unahama."

"Natazama tu. Kuna nyumba huko kwa kaka yako."

"Na ile bembea uliipima."

Ngarambe akatabasamu nusu. "Niliipima. Hapa kwangu haiingii. Uwanja wangu ni kama wako."

"Ishirini na nane kwa thelathini na moja."

"Uliupima wangu?"

"Nilijenga uzio," akasema Birindwa. "Nilipima pande zote mbili." Akavuta pumzi. "Bembea nimeileta. Iko pale, chini. Nimekuja kukuomba unichungie."

Ngarambe akainamisha kichwa, kama mtu anayehakikisha amesikia. "Nikuchungie nini?"

"Ng'ombe. Huyo wa mbao. Baba yangu alichunga ng'ombe wa mtu wa kilima kingine, miaka mingi. Maziwa yetu, mbolea yetu, ng'ombe wake. Ninyi hamkufanya hivyo?"

"Tulifanya," Ngarambe akasema taratibu. "Baba yangu aliwagawia watu watano."

"Donc, unajua sheria zake. Mimi nina ng'ombe, sina malisho ya kutosha. Wewe una malisho kando ya yangu. Nitang'oa uzio. Boriti inakaa pale pale ulipopita mpaka, na bembea zinaruka huku na huku. Maziwa ni ya watoto wa nyumba zote mbili."

"Kama ni zawadi sitaki, Papa Aksanti. Na kama ni kitu cha kugawana nusu kwa nusu, kitaleta maneno."

"Si zawadi. Ng'ombe ni wangu. Na hatugawani. Wewe unachunga."

Leya alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kitambaa mkononi. Ngarambe alimgeukia, kisha akarudi kwa mgeni. Kitu kilianza kumchezea pembeni mwa mdomo. "Lakini mchungaji wa ng'ombe wa watu," akasema, "hawezi kuhama nao. Lazima kwanza aende kwa mwenyewe, ampe taarifa, na mwenyewe akubali."

"Ndivyo kwetu pia."

"Na mwenyewe akikataa?"

"Nitakataa," akasema Birindwa.

Ngarambe akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, akipiga paja lake, mpaka watoto wawili wakatokea mlango wa nyuma kuangalia kulikoni, na Aksanti alipomwona baba yake ameketi kwenye kochi la akina Mizero, na koti la Jumapili, na masharubu ya maziwa, akafunika mdomo kwa mikono miwili.

"Sijasema ndiyo," Ngarambe akamwonya, akipangusa macho. "Lazima nimwone ng'ombe kwanza. Alipita safari ndefu. Labda amekonda."

"Mtazame. Mimi mwenyewe ningemtazama."

Wakatoka wote kwa mlango wa nyuma. Ngarambe akapitia penye ubao wa saba, kwa ubavu, akajikuta kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Birindwa. Alitembea kati ya mbao, akainama hapa na pale, akaigonga nguzo kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Birindwa alipoona hivyo akageuka kutazama kitu kingine.

"Hizi namba ni za nini?" Ngarambe akauliza.

"Kila ubao urudi mahali pake."

"Una mkono mzuri," akasema Ngarambe, na safari hii alimwambia Birindwa mwenyewe.

Uzio waliung'oa Jumamosi iliyofuata, pamoja. Haikuwa kazi rahisi. Aliyeujenga hakuwa na nia ya kuung'oa. Ngarambe alisifu kila skrubu iliyokataa kutoka, na Birindwa, aliyekuwa akitokwa jasho, alimwambia aache sifa ashike koleo. Mizero na Aksanti waliombwa waseme walitumia nini kufungua zile skrubu nne. Wakatazamana. Ilikuwa kijiko cha Jolie, kile cha kupimia unga, ambacho alikuwa akikitafuta tangu Krismasi.

Kisha wakasimamisha nguzo. Birindwa alipima kila futi ya majani matupu, kuzunguka pande zote, Ngarambe akishika ncha ya utepe. Kumi na nane kuelekea huku, kumi na nane kuelekea kule. Mtoto akiruka mbele alikuwa kwa Ngarambe, akirudi nyuma alikuwa kwa Birindwa. Jumapili walikuja wale tisa, na watatu wa wageni wa Ngarambe, na wengine ambao hakuna aliyejua walitoka nyumba gani. Bembea ilibeba. Zihindula, aliyeonyeshwa kwa simu, alidai sifa yote ni yake, kwa kuwa ndiye aliyeipima.

Habari ya kuhama haikutajwa tena. Mei ikaisha. Birindwa hakuuliza, mwenye ng'ombe haulizi, yeye hungoja kuambiwa. Lakini kila akirudi kutoka zamu alitazama kwanza kama pana kibao cha kuuza mbele ya nyumba ya jirani, na kila mara alipokuta hapana aliingia ndani akiwa mwepesi kidogo.

Katikati ya Juni, jioni moja yenye mwanga mrefu, alikuwa jikoni akimenya vitunguu Aksanti alipoingia mbio, miguu mitupu, majani kwenye nywele.

"Dadi, Papa Mizero amesema njoo uone." Alikuwa anaongea Kiswahili, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba maji bila kuyamwaga. "Amesema nikuambie hivi hivi: ng'ombe amezaa."

Birindwa akaweka kisu chini. Nje, chini ya ule mti mkubwa, Ngarambe alikuwa amesimama kando ya benchi jipya, fupi, la watu wawili, lenye mgongo wa kuegemea ulioinama vizuri. Birindwa alizitambua zile mbao kabla hajazifikia. Zilikuwa mbao za uzio wake, zimepigwa randa mpaka zikang'aa, na kwenye kiti palikuwa na matundu manne madogo ya skrubu, yamejazwa nta.

"Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe," Ngarambe akasema. "Mchukue umpeleke kwako."

Birindwa akalizunguka mara tatu. Akaligonga. Akalitikisa, halikutikisika. Kisha akaketi upande mmoja, akasogea kidogo, akaacha nafasi.

"Bado ananyonya," akasema. "Tumwache hapa kwa mama yake."

Ngarambe akaketi. Mbele yao watoto walikuwa wakiruka, mmoja akienda huku mwingine akirudi, na mnyororo mmoja ulikuwa unalia.

"Unahitaji grisi," akasema Birindwa.

"Kesho," akasema Ngarambe. "Mimi ndiye mchungaji."